Nilisema nimefunga, akanikuta na kitumbua

Somo, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, fundi cherehani, nakaa Ngamiani hapa Tanga. Mume wangu yuko Dar kikazi, tuna watoto wawili. Nakuandikia kwa sababu kuna hotipoti imekaa juu ya kabati langu, leo siku ya tisa, na kila nikiitupia jicho roho inaniuma.

Hotipoti yenyewe ni ya shoga yangu. Tumeanza chuoni pamoja tukiwa na miaka sita, tukachapwa kwa bakora moja, na tuliolewa mwaka mmoja, ila yeye hakudumu. Miaka minne iliyopita alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani, akarudi kabla ya Ramadhani hii iliyopita. Mama yake alifariki yeye akiwa huko, nyumba yao ikauzwa, ndugu wakagawana. Kwa hiyo sasa amefikia kwa kaka yake, Chumbageni. Siku aliyokuja kunisalimia aliniletea udi na mafuta mazuri, tukalia, tukacheka, nikajua nimerudishiwa mtu wangu.

Baada ya Idi kukafunguliwa mgahawa wa chai mtaani kwetu, pale palipokuwa na duka la spea za baiskeli. Somo, huo si mgahawa wa supu na chapati tuliouzoea. Kuna kiyoyozi, viti vya kuzama kama sofa, maua ya plastiki ukuta mzima, na chai inaletwa kwenye buli la kioo lenye mshumaa chini yake ili isipoe. Mshumaa, Somo, na joto hili la Tanga! Shoga yangu akasema twende tukauone. Nikavaa baibui langu la Idi, tukaenda.

Siku hiyo alilipa yeye. Bili niliichungulia: buli la chai 8,000, vipande viwili vya keki 12,000, maji 2,500. Jumla 22,500. Mimi kupinda doti moja ya kanga nachukua 1,000. Nikapiga hesabu pale pale mezani: doti ishirini na mbili, na ya ishirini na tatu nusu. Keki ikanikwama. Na hata hiyo chai, tusifichane, ni maji ya moto na vifuko vyenye uzi, maziwa yamewekwa pembeni kwenye kijagi cha kuchezea watoto.

Jumamosi iliyofuata akaniita tena. Nikaona haya kulipiwa mara mbili, nikatoa 10,000. Nitasema kweli: pesa ile ilikuwa advansi ya mteja, ya kununulia bitana na zipu. Mteja nikamzungusha wiki nzima.

Kufikia hapo nikaanza kumchoka. Kwanza, anataka kila Jumamosi. Pili, akishakaa haondoki. Tunaingia saa tisa, anainuka akisikia adhana ya Magharibi, na mimi oda zangu zinanisubiri. Tatu, ananitia aibu. Anaagiza buli moja tu, likiisha anamwita mhudumu aongeze maji ya moto juu ya vifuko vile vile, mara mbili, mara tatu, mpaka chai inakuwa kama maji ya kuoshea mchele. Na maneno yamempungua. Nikimuuliza ya Maskati ananijibu "kuzuri", anaangalia barabarani. Aliwahi kunisimulia jambo moja tu, kwamba kule kuna chai inaitwa karak, nzito, ya maziwa na iliki, kikombe baisa mia, na watu hawashuki hata kwenye gari: wanapiga honi, kijana anatoka kuwaletea dirishani. Nikasema moyoni, ndiyo maana, mwenzangu kazoea makubwa.

Jumamosi ya tatu nikamwambia nimefunga sita. Zilikuwa siku za mwisho za Mfungo Mosi, mwezi wa kufunga zile sita baada ya Ramadhani, akaamini, akaniambia nimuombee dua. Ya nne tumeshaingia Mfungo Pili, nikasema nalipa zangu za Ramadhani. Ya tano nikasema hivyo hivyo. Akacheka kwenye simu: "Shoga, kwani wewe ulikula mingapi?" Nikacheka na mimi.

Siku hiyo ya tano, saa kumi, nimekaa kwenye benchi la mama wa vitumbua, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Chai ya maziwa 500, kitumbua 200. Kimoja kimo kinywani, kingine mkononi, mafuta yananichuruzika kuelekea kwenye kiwiko. Bajaji ikasimama. Akashuka shoga yangu na kapu. Ndani yake hotipoti ya mikate ya kumimina na chupa ya uji wa pilipili manga. Alikuwa ananiletea futari.

Hakupiga kelele. Alikitazama kitumbua, akanitazama mimi, akaliweka kapu juu ya benchi. Akasema, "Ikifika Magharibi utafuturu." Akapanda bajaji ile ile, dereva hata injini hakuwa amezima.

Tangu hapo simu hapokei, ujumbe anausoma hajibu. Mama wa vitumbua naye keshasimulia mtaa mzima. Somo, mimi nilikimbia gharama tu, sikuwa na nia mbaya. Je, nimwache kwanza hasira zipoe, au nimtume mtu akanisemee? Na akinirudia, huo mgahawa nitauweza vipi kila wiki, mimi na cherehani yangu ya miguu?

Mwenye Haya, Ngamiani, Tanga


SOMO ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka wajukuu wakaja kuniuliza kuna nini, maana kitumbua kile nimekiona na mafuta yake. Mara ya pili sikucheka.

Nianze na yale mepesi niyamalize. Saumu ya kusingizia malizana na Mola wako, na kama kweli kuna siku unadaiwa, zilipe. Usije ukawa umezitangaza tu. Pesa ya bitana ni ya mteja, hilo unalijua, ndiyo maana umeniandikia bila mimi kukuuliza. Kuona haya kulipiwa mara mbili, hapo niko nawe. Na kutoiweza 22,500 kwa kikao kimoja cha chai hakuna aibu yoyote. Ile hesabu yako ya doti za kanga imenipendeza sana. Wangapi wanakaa kwenye vile viti hawajui wamekalia doti ngapi?

Sasa tuiangalie hiyo chai. Unalalamika kwamba ni maji na kifuko. Ni kweli. Ndani ya kifuko mna chenga za majani, zile punje ndogo zinazotoa rangi upesi. Sisi wa Tanga tungekuwa wa mwisho kudanganyika, kwa sababu milima ile ya Amani, juu ya Muheza, ndiko Wajerumani walikoanza kuijaribu chai katika nchi hii walipofungua kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Pakiti ya robo kilo inakutosha wewe na wanao mwezi mzima. Na chai ya watu inachemshwa: maji na majani, maziwa, iliki ipondwe na maganda yake, na tangawizi uitie maziwa yakishachemka, ukiiwahisha yanakatika. Basi niachie hapo, mimi nikianza chai simalizi.

Ninachotaka uone ni kwamba hakuna mtu anayetoa 8,000 kwa sababu ya chenga na maji. Bei ile imo kwenye kiti. Kiti, ubaridi, na mtu wa kukuletea. Mwenye mgahawa anajua, ndiyo maana mhudumu haoni tabu kuongeza maji ya moto mara tatu. Shoga yako anajua. Wewe peke yako ndiye uliyedhani mmekwenda kunywa chai.

Hebu rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Umeandika kwamba anaagiza buli moja na kulirefusha kwa maji mpaka chai inapauka, ukaliita jambo hilo aibu. Mimi hapo naona mtu anayehesabu pesa zake kama unavyohesabu zako, anayetafuta saa tatu za kukaa kwa bei ndogo kadiri inavyowezekana. Umeandika kwamba haondoki mpaka Magharibi. Aondoke aende wapi? Mama hayupo. Nyumba imeuzwa, ua aliokulia unafagiliwa na watu wengine. Yupo kwa kaka, maana yake yupo kwa wifi. Umewahi kukaa kwa wifi, mwanangu? Hata awe mwema kama malaika, jiko lina mwenyewe. Huwezi kukaa umenyoosha miguu wakati mwenye nyumba anasukuma chapati. Ukiingia chumbani unaonekana unanuna, ukitoka, "wifi, hebu nishikie mtoto".

Waangalie waume zetu. Wao wana baraza ya kahawa. Kikombe kidogo, kashata moja, mtu anakaa tangu Alasiri mpaka Isha, anabishana mpira, anabishana siasa, akishindwa anahamia kwenye bao. Hakuna anayemuuliza kwani kwenu hakuna viti. Mwanamke akikaa hivyo barazani siku mbili mfululizo, habari zake zitafika Pongwe yeye hajafika nyumbani. Sisi pumziko letu ni uani, na ua sharti uwe nao. Asiye na ua afanyeje? Sasa katokea mtu kafungua mlango, kaweka kiyoyozi na maua ya plastiki, anasema lipa ukae, hakuna atakayekuuliza. Bei ile siipendi, na mshumaa chini ya buli kwa joto la Tanga ni kichekesho. Lakini anayelipa siwezi kumcheka.

Halafu kuna hilo la karak. Ulisikia honi, ukadhani aliyepiga honi ni yeye. Nina mpwa wangu aliyefanya kazi hiyo hiyo huko Ghuba miaka mitatu. Yeye garini alikuwa anakaa nyuma na watoto, mdogo kampakata, karak ikifika dirishani anapokea vikombe na kugawa. Cha kwake akipata akikumbukwa. Na chai yake ya kila siku aliinywa amesimama jikoni, kikombe kakiweka juu ya mashine ya kufulia, sikio lipo kwenye sauti ya bibi isije ikamwita. Ya shoga yako huenda yalikuwa nafuu, huenda yalikuwa mabaya kuliko hayo. Neno "kuzuri" na jicho la barabarani linaweza kubeba yote mawili. Ila miaka minne kazi yake ilikuwa kupeleka chai, na hata hapo Chumbageni sidhani kama kuna anayemletea. Pale mgahawani analetewa, kwenye trei, na anaambiwa karibu dada.

Kwenye hayo naweza kukosea, simjui. Kwenye futari sikosei. Mikate ya kumimina unaijua ilivyo: mchele uloweke, usage na nazi, utie hamira na iliki, usubiri uumuke, halafu umimine mmoja mmoja huku umesimama na moto. Uji ule nao hauachwi peke yake, unakorogwa. Hiyo ni kazi ya tangu adhuhuri, na kaifanya kwenye jiko lisilo lake, Jumamosi, watoto wa kaka wanapita miguuni, na wifi bila shaka anauliza futari ya nani na Ramadhani imeshapita. Akajibu ni ya shoga yangu, amefunga. Kisha akatoa nauli ya bajaji.

Kwa hiyo ukifika kwake usianze na gharama. Ungemwambia "shoga, sina" ile Jumamosi ya pili, angekuelewa kabla hujamaliza sentensi. Mtu aliyevuka bahari kwenda kufua nguo za watu analifahamu neno "sina" kuliko mimi na wewe. Alichokiona pale benchini ni kwamba pesa ya chai ulikuwa nayo, nafasi ya kukaa ulikuwa nayo, hata saa yenyewe ya kukaa ilikuwa ile ile, saa kumi ya Jumamosi. Aliyekosekana kwenye benchi ni yeye. Ameondoka na bajaji yake akiamini umemchoka, na ubaya wenyewe ni kwamba hajakosea. Uliliandika neno hilo hilo, "nikaanza kumchoka", ukapita.

Hasira zake usizisubiri zipoe. Zikipoa zikiwa peke yake zitakuwa kitu kingine. Na mtu usimtume. Kutuma mtu ni kwenye posa. Nenda mwenyewe kwa miguu yako. Ukifika, salimia wifi vizuri, kisha umwombe shoga yako mtoke kidogo. Mbele ya wifi usilitaje la futari hata kwa utani, maana huenda wifi mpaka leo anajua chakula kile kilifuturisha mtu. Mkiwa peke yenu mwambie: nilidanganya, sikufunga hata moja, sikuwa na pesa na niliona haya kusema. Taja na kiasi. Usiseme "mambo magumu", kila mtu mambo yake ni magumu. Sema napinda kanga kwa 1,000, mgahawa ule nitauweza mara moja kwa mwezi, na siku hiyo nitatoa 5,000, keki tusile. Wiki nyingine akitaka kwenda peke yake aende, na usimsimange. Akikufokea, mwache akufokee. Ulistahili kufokewa palepale kwenye benchi, alikustahi.

Jumamosi zinazobaki mwite kwako. Usihangaike na sofa. Weka kiti uani karibu na cherehani, wewe shona, yeye akae. Oda zako zitakwenda, na watu wengine wanasema vizuri zaidi mwenzao akiwa ameinamia kazi, macho yako kwenye sindano. Ya Maskati usimuulize tena. Chai ipike wewe, ya kuchemsha, umpe mkononi. Halafu kuna jambo moja ulishike kweli kweli: asiingie jikoni. Atainuka, atasema nikusaidie, atataka kukosha vikombe, mwili ulishazoea. Mrudishe kitini kila mara. Akibaki mpaka Magharibi, mtandikie mkeka mswali pamoja.

Mama wa vitumbua endelea kununua kwake kama kawaida. Ukimsusa utampa ukurasa wa pili.

Nakuja kwenye hotipoti. Chombo cha watu hakirudi kitupu, hilo sikufundishi. Weka kitu ulichopika wewe, chochote, hata vibibi. Keki ya mgahawani usiiguse. Na usingoje Jumamosi, nenda kesho. Umeandika kwamba hotipoti ni ya shoga yako, lakini mtu aliyefikia kwa kaka yake na sanduku la nguo, hotipoti kaitoa wapi? Ni ya wifi hiyo, mwanangu, na ile chupa ya uji pia. Siku tisa wewe unaitazama juu ya kabati, na yeye huko Chumbageni anaulizwa iko wapi.